Waya Uliosokotwa Kushoto

MAELEZO YA SHAHIDI

Kuhusu: kufunguliwa kwa kisima cha wakulima wa mboga na kukauka kwa kisima cha zahanati
Jina: Mita, ndilo ninaloitwa kazini na mtaani
Umri: miaka 26
Kazi: mpima kina cha visima, ofisi ya maji
Makazi: kwa shangazi yangu, nyuma ya soko la mboga

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja kituoni kwa miguu yangu. Sikuitwa wala sikutishwa. Naomba iandikwe kwamba natoa maelezo nikiwa nimesimama. Afisa amenikaribisha kukaa, lakini nikikaa miguu inacheza na maneno yananipotea.

Kazi yangu ni kuteremsha utepe wa kupimia ndani ya visima ili tujue maji yako mbali kiasi gani. Mto ukipungua, mji mzima hunywa maji ya visima. Ili visima vitoshe mpaka mvua zirudi, wakulima huacha kuvuta maji ya ardhini, na badala yake hupewa maji ya mrejesho, yaani maji machafu ya mji yaliyosafishwa upya kwa ajili ya kumwagilia. Watu huyaita maji ya pili. Visima vya mashambani hufungwa: kwenye mlango wa kisanduku cha swichi tunapitisha waya wenye kibati cha ofisi, tunausokota, basi. Waya ule hauwezi kumzuia mtu. Ni ahadi tu. Tulikubaliana hivyo mkutanoni, na shangazi yangu, ambaye ni mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa mboga, ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

Kisima cha kikundi nilikifunga mwenyewe mwezi wa sita, nikiwa na fundi pampu ambaye sasa yuko mahabusu hapa. Siku ile fundi alinitania mbele ya wakulima: "Mita, kawaya kenyewe haka? Hata kwa meno nakafungua." Tulicheka wote. Mdomo huponza kichwa. Leo kila aliyekuwepo anayakumbuka yale maneno, na hakuna anayekumbuka kwamba alicheka.

Mnamo tarehe 14 mwezi wa nane, saa tatu asubuhi, muuguzi wa zahanati alinipigia simu. Alisema, "Mita, bomba linakohoa. Linatoa tope." Nilipofika, pampu yao ilikuwa imekwisha kuungua. Chumba cha kujifungulia kilikuwa na mama mmoja, na ndugu zake walikuwa wakipokezana ndoo kutoka bomba la mtaa wa pili. Muuguzi alininyooshea mikono akasema, "Nimwagie. Taratibu, shoga, hayo ndiyo yaliyobaki." Nilimmwagia. Mtoto alizaliwa salama. Nalisema hili kwa sababu tangu jana watu wanasimulia vingine.

Nilipima kisima cha zahanati. Maji yalikuwa yameshuka chini ya pampu. Kisima hakishuki hivyo chenyewe. Lazima kuna anayevuta karibu. Kilicho karibu ni kisima cha kikundi, ng'ambo ya barabara.

Nilipovuka nilikuta watu wamekwisha kujaa. Mlinzi wa zahanati alikuwa ameokota koleo la kusokotea waya kwenye nyasi, kando ya kisanduku. Mpini wake ulikuwa umezungushiwa utepe mwekundu, na kila mtu anajua kwamba hilo ni la fundi pampu. Fundi alikuwa ameshikwa ukosi. Alisema, "Koleo nilimwazima Mama Mwenyekiti afungie uzio wake. Si huyo hapo? Muulizeni."

Watu walimgeukia shangazi. Alikuwa anatoka sokoni, kapu tupu mkononi. Alisema, "Mimi na koleo wapi na wapi, baba? Mimi mtu wa jembe."

Kuna aliyecheka. Kuna aliyempiga fundi kofi. Askari wa doria ndio waliomtoa pale.

Fundi alisema kweli. Koleo lile nililipokea mimi, mlangoni kwetu, Jumapili moja ya mwezi uliopita. Aliniambia, "Mwambie shangazi yako nalitaka na meno yake yote." Nililitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni.

Afisa ananiuliza kama mtu mwingine angeweza kulichukua. Angeweza. Mlango wa jikoni kwetu haufungwi mchana. Hilo ndilo nililojiambia pale pale, na nililishika kwa nguvu zote. Kwa hiyo watu walipotawanyika nilibaki kuutazama waya.

Haukukatwa. Ulikuwa umesokotolewa, kisha ukasokotwa tena kwa uangalifu, kuelekea kushoto. Mimi husokota kulia, na fundi hivyo hivyo. Shangazi hutumia mkono wa kushoto. Mafungu yake ya mchicha huyafunga kwa kamba inayozunguka kushoto, na wateja wake huyatambua kwa hilo hata yakichanganywa na ya wengine. Mimi mwenyewe nilijifunza kwake kufunga kamba za viatu, mpaka mwalimu wa darasa la kwanza aliponifungua na kunifundisha upya. Nilisimama pale nikijaribu kutafuta mtu mwingine yeyote mtaani anayetumia mkono wa kushoto. Nilitaka awepo. Hata mtu nisiyempenda.

Saa nane mchana nilikwenda nyumbani. Shangazi alikuwa uani anasuuza mchicha katika beseni. Maji ya mrejesho hutufikia yakiwa vuguvugu, kwa sababu hukaa juani kwenye bwawa la wazi, na yana harufu kidogo ya dawa. Nilitia mkono kwenye beseni. Yalikuwa baridi, na hayakuwa na harufu.

Nilimuuliza, "Shangazi, maji haya ya wapi?"

"Ya Mungu."

"Shangazi."

"Usiniite kama unaita shahidi." Aliendelea kusuuza. Kisha alisema, "Unajua sokoni naitwaje siku hizi? Mama Choo. Mteja wangu wa miaka na miaka anashika fungu, ananusa, analirudisha kama ameshika panya. Nilitaka kusuuza tu, mwanangu. Beseni moja."

"Na baada ya beseni moja?"

"Miche ikaniangalia."

Nilimwambia kwamba fundi yuko ndani. Alisema, "Fundi mwanamume. Atalala siku mbili, atatoka na hadithi. Nikiingia mimi, kikundi kimekufa. Na wewe je? Nani atamsikiliza mpima maji ambaye maji yanaibiwa nyumbani kwake?" Aliniambia nivue viatu, ninaingiza tope.

Naomba yafuatayo nayo yaandikwe. Shangazi amenilea tangu sijaanza shule. Hakuvuta maji ili ayauze, wala hakujua kwamba ya zahanati yatakauka. Alidhani maji yaliyo chini ya shamba la kikundi ni ya kikundi. Nimemweleza mara nyingi kwamba huko chini hakuna ua, ukivuta kwako unamvutia na jirani. Alikuwa akiitikia "ndiyo, mwanangu" huku akihesabu mafungu. Mboga za maji ya pili nimezila kila siku tangu mwezi wa sita, mbele yake, na sijaugua. Lakini sikuwahi kwenda naye sokoni nikasimama pale anaponuswa.

Leo asubuhi nilimuaga nikamwambia nakwenda mtoni kusoma kipimo. Aliniambia nivae kofia.

Afisa ameniuliza nadhani ni nani aliyefungua kisima. Sidhani. Ni shangazi yangu.

Haya ndiyo niliyoyaona, niliyoyasikia na niliyoyagusa kwa mkono wangu. Nimesomewa yote na sikupunguza neno.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

MAELEZO YA AFISA

Maelezo haya nimeyaandika mimi, na shahidi ametia sahihi mbele yangu. Wakati akitia sahihi, mama mmoja wa makamo alifika kaunta na mfuko wenye sweta na kandambili. Alisema ameambiwa sokoni kwamba polisi wamemkamata mtoto wake. Kabla hajajibiwa alisema kwa sauti iliyofika mpaka chumba cha maelezo: "Mwachieni huyo, hajui kitu. Kisima nimekifungua mimi."

Nilimweleza kwamba shahidi hakukamatwa, amekuja mwenyewe. Mama alimtazama shahidi kupitia mlango uliokuwa wazi, kisha akamuuliza kama amekula.

Mama aliuliza kama aliyosema pale kaunta yamekwisha kuandikwa. Nilimjibu kwamba bado, na kwamba halazimiki kusema lolote. Kisha alisema yaandikwe, na akatoa sweta mfukoni, akataka lipelekwe kwa fundi kwa sababu sakafu ya mahabusu ni baridi.

Maelezo ya mama yanachukuliwa peke yake. Sweta ni la kike. Fundi amelipokea.