Jina Langu Kwenye Mpaka

Kanoni, Jumanne, Juni 1986

Kibanja ni changu! Migomba, mibuni na yote yaliyomo.

Asubuhi nilikasirika sana. Mkataba umeandikwa kwa jina langu, Yohana; Mzee Felisiani anayeuza ameshaweka dole gumba, halafu katibu wa kijiji anakataa kupiga muhuri.

"Kaka yake mkubwa yuko wapi? Asipokubali leo, kesho watu wa ukoo watakurudishia pesa na kukikomboa."

Nikakimbia. Nikamkuta kaka mtu anachuma kahawa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe si yule kibarua, Mrundi?"

Nikasema ndimi. Nilijua nimeshakikosa.

"Kibanja hicho umekilima miaka tisa. Nani mwingine akinunue?"

Akaja, akaweka dole, katibu akakubali kupiga muhuri. Tukazunguka shamba na majirani wote, kaka mtu mwenyewe akipanda miti ya miramura ya kuonyesha mipaka.

Bado naogopa kidogo. Watoto wa Mzee Felisiani hawakuwepo. Wakija kudai baadaye...

Lakini Mama Paulo, jirani wa kusini, alipomaliza kusaini ushahidi aliniambia akicheka: "Basi na mimi nikiuza changu, wataandika kimepakana na cha Yohana."

Miaka tisa nimekuwa kibarua wa fulani. Leo mimi ni mpaka wa mtu.