Aliyesema Ana Jina

Barabara ya Kumi na Tatu,
Ngamiani,
TANGA.
9 Mei 2025

Mpendwa Rawan binti Yaarub,

Assalaamu alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima, na kile kikohozi cha vumbi la Dodoma kiwe kimekuacha. Kama hakijakuacha, nenda zahanati ya chuo, usikae chumbani ukinywa tangawizi na kungoja. Mama yako anataka kujua kama unakula asubuhi. Mimi nataka kujua kama unalala.

Sisi hapa tu wazima kwa kiasi chetu. Masika ya mwaka huu ni mazito, na ukuta wa nyuma umeanza kuota ukungu. Jicho langu la kushoto lina mtoto wa jicho, na daktari atanifanyia upasuaji mvua zikikatika. Ndiyo sababu naandika kwa herufi kubwa namna hii. Usidhani nimekurudisha darasa la kwanza.

Nimeupata ujumbe wako wa simu. Uliandika hivi, nami naunakili kama ulivyo: "Ami cwezi tena. Narud nyumban."

Nianze na lililo dogo. Herufi c katika Kiswahili haisimami peke yake, huandamana na h. Siwezi huandikwa kwa s. Narudi na nyumbani yana i mwishoni, na i hiyo haimchoshi mtu. Nimeyasema haya kwa wanafunzi wa shule tatu hadi koo likakauka, na sasa nayasema kwa mtoto wa ndugu yangu. Lakini sikukaa mezani na jicho moja kwa ajili ya herufi.

Hisham, mdogo wako, aliipeleka ile sura ya utafiti wako uliyomtumia steshenari akaitoa kwenye karatasi, akaniletea. Nimeisoma yote, pamoja na penseli ya msimamizi wako, Dakta Dorkasi. Bibi huyo simjui, lakini penseli yake naijua, kwa kuwa nimeishi na ya namna hiyo mkononi. Pembezoni mwa ukurasa ameandika: Nani kasema? Chini kidogo tena: Nani kasema? Ukurasa unaofuata hakuwa na haja ya maneno, akaweka alama ya kuuliza tu. Na mwisho ameandika kwamba ulete vyanzo vya maelezo haya ya mikeka kabla ya mwezi huu kwisha, ama sura haitapokelewa na utarudia mwaka.

Umemwambia mama yako kwamba amekuita mwizi. Nimelitafuta neno hilo kwa jicho langu zima, silioni. Amekuuliza swali, Rawan. Aliyeulizwa swali hujibu, hafungi sanduku.

Mama yako alikuja kwangu siku hiyohiyo na mkate wa kumimina. Nikiona mkate wa kumimina siku isiyo ya sikukuu, huwa najua nina jambo ninalotakiwa.

"Shemeji," akasema, "wewe ni mwalimu. Mwandikie tu mtoto, yaishe. Nani atajua?"

"Dakta Dorkasi atajua."

"Atajuaje, na yeye yuko Dodoma?"

"Haitakuwa na makosa," nikamwambia.

Hisham, aliyefuatana naye, alicheka hadi akapaliwa. Mama yako hakucheka, na nusu ya mkate ilirudi naye nyumbani.

Hisham naye akaja na dawa yake. Akasema, "Ami, hata wewe huhitajiki. Simu itaiandika kabla chai yako haijapoa." Akaiandikia simu ile mada yako, majina ya mikeka ya pwani ya kaskazini na matumizi yake, na kweli ikaandika. Sentensi zilikuwa safi, zimenyooka kuliko zako. Nikamwambia azipitie moja moja, aniambie ni nani aliyesema kuwa jamvi hutandikwa hivi na msala hushonwa vile. Akapekua, akapekua. "Haisemi, Ami." Nikamwambia basi ina ugonjwa uleule wa dada yake, arudishe simu mfukoni.

Sasa niseme ugonjwa wenyewe. Katika kurasa zile umeandika inasemekana, kisha inasemekana, kisha inaaminika, kisha inafahamika. Hiyo ni kauli ya kutendeka, nami nilikufundisha kauli za vitenzi mwenyewe, hapa barazani, kabla hujaanza sekondari. Mlango umefunguliwa na Hisham: sawa. Mlango umefunguka na Hisham: haisemwi. Kauli ya kutendeka haina mahali pa kumweka mtenda. Ukiandika inasemekana umejenga nyumba isiyo na chumba cha msemaji, halafu unashangaa msimamizi anazunguka nje akiuliza wenyewe wako wapi.

Nilipokupigia simu nilikuwa nimekasirika, hilo ulilisikia. Nilidhani ni uvivu. Ukalia, kisha ukasema: "Ami, niandikeje? 'Shemsa anadai'? Bibi? Kama namwita shoga yangu?" Simu ikakatika, salio lilikuwa limekwisha, na mimi nikabaki na chombo sikioni.

Kwa hiyo hukunakili wala hukutunga. Ulikaa na Bibi Shemsa kule Moa, ukamuuliza, akakueleza, ukaandika alichosema neno kwa neno. Halafu adabu ikakushika mkono. Vitabu vyote ulivyosoma vinamtaja mtu kwa jina tupu, na bibi yako hatajwi kwa jina tupu, hata na mimi ambaye ni mtoto wa dada yake. Ukaona bora umfiche kuliko umvunjie heshima. Dakta Dorkasi hawezi kulijua hilo, na hukumwambia.

Nimechoka, Rawan. Nasema kama ilivyo. Nilitaka kupumzika katika uzee wangu huu nisione tena insha ya mtu. Hata hivyo Jumanne nilipanda basi la Horohoro, nikashuka njia panda, nikapanda bodaboda hadi Moa, mimi wa umri huu. Kijana aliniambia, "Mzee, nikumbatie tu, usione haya." Kanzu yangu ilifika na tope hadi kiunoni.

Bibi yako alikuwa barazani, anasuka ukili wa mkeka. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mama Mdogo."

"Marahaba. Nani kafa?"

"Hakufa mtu."

"Mvua hii, na wewe na jicho lako, halafu hakufa mtu?"

"Nimekuja kwa ajili ya jina lako."

Akaacha kusuka. "Jina langu limefanya nini?"

Nikamweleza. Nikamwambia kwamba yale aliyokueleza umeyaandika, na chuoni wanataka kujua ni nani aliyeyasema, na huko mtu huandikwa jina lake bila cheo cha ukoo.

"Bila Bibi?"

"Bila Bibi."

"Kwani hao wasomi wenu hawana wakubwa?"

"Wanao, Mama Mdogo. Heshima yao ni hiyo, kumtaja mtu kwa alichokisema. Asiyetajwa ndiye aliyedharauliwa."

Alivuta mwaa mmoja wa mkindu kutoka kwenye kifungu, akautazama, akaurudisha. Nilidhani amekataa, na nilikuwa naanza kuwaza nitakuandikia nini, maana bila ridhaa yake nisingekuruhusu kumtaja, na bila kumtaja mwaka wako ulikuwa umepotea.

Kisha akasema, "Haya, nitaje nisikie kunavyosikika."

Nilikuwa nimeliandika kwenye karatasi, ili nimwonyeshe. Sikujua kwamba nitatakiwa kulisoma. Maisha yangu yote nimewaamrisha watoto wa watu wasome kwa sauti, na hapo nikaanza kudonoa silabi kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikasoma: "Shemsa binti Badru, mahojiano, Moa."

Akasema, "Tena."

Nikasoma tena.

"Aliyeniita hivyo mwisho ni mama yako," akasema. "Alikuwa akiniita kutoka jikoni, na nilikuwa siitiki. Tangu hapo ni Mama Fulani, Shangazi, Bibi. Nilidhani limezikwa naye." Akaendelea kusuka. Baadaye akasema, "Mwambie aniandike. Binti Badru asiiache. Ila yale ya wifi yangu na ule mkeka wa harusi asiyatie, wajukuu zake bado wapo hapa mtaani."

Hayo ya wifi nimeyaona ukurasa wa nne. Yatoe. Si kila alichokwambia mtu amekupa cha kuandika, na ulipaswa kumuuliza kabla hujaondoka Moa. Hilo pia ni sehemu ya usomi, si adabu ya nyumbani tu.

Sasa kazi. Sitakuandikia hata sentensi moja, na mama yako ameshazoea kuninunia. Kaa na kurasa zile mchana, akili ikiwa macho. Katika kila sentensi ujiulize ni sauti ya nani. Iko ya Bibi, nayo iandikiwe jina lake. Iko ya vitabu, nayo iandikiwe mwenye kitabu na ukurasa. Na iko yako, kwa sababu ulikaa pale tangu utotoni ukamwona anashona, na unayo haki ya kuandika niliona. Sasa hivi sauti hizo tatu umezichanganya chungu kimoja, na ndiyo maana hata iliyo yako haisikiki.

Tarehe ya mahojiano utaiweka wewe. Mimi sikuwapo.

Nimeona pia kwamba unasoma kwa kupiga mistari. Hisham alinionyesha picha ya kitabu chako, kina rangi ya manjano kila mahali. Ukishapiga mstari kila sentensi, hujachagua hata moja. Soma aya, funga kitabu, uandike kwa maneno yako umeelewa nini, kisha fungua uone umekosea wapi. Na palepale, kabla hujainuka kwenda kunywa maji, andika jina la mwandishi na ukurasa. Usiseme nitakumbuka. Hutakumbuka.

Halafu mpangilio. Una aya nzuri, na mwalimu wako amekwambia hivyo mahali pawili, ingawa wewe umesoma penseli ya lawama tu. Lakini aya ya msala inakuja, inakwisha, inaanza ya jamvi kama haijawahi kukutana na mwenzake. Bibi yako akishasuka ukili mrefu hauzungushi akautupa kapuni akasema ni mkeka. Huushona, ukingo kwa ukingo, na pale penye mshono ndipo anapokaza macho zaidi. Na wewe ukaze macho pale aya moja inapoiachia nyingine.

Mwanzo wako, "Tangu enzi na dahari binadamu amekuwa akitumia mikeka," ukate wote. Hujui tangu lini, na mimi sijui. Anza Moa, kwenye baraza ile.

Rasimu ya kwanza itakuwa mbaya. Iache iwe mbaya, siku ya pili utairudia ukiisoma kwa sauti. Mahali utakapoishiwa pumzi, sentensi ni ndefu. Mahali utakapoona haya, pana uongo au pana kujionyesha. Ukimaliza, mpelekee Dakta Dorkasi, na umweleze kwa mdomo kwa nini hukumtaja bibi yako. Mweleze kama ulivyonieleza mimi, bila kulia ukiweza. Mtu aliyeandika Nani kasema mara zote hizo bado anataka kukusoma. Aliyekukatia tamaa angetia sifuri akalala.

Barua hii inakuja na Luka, yule Mbondei wa Muheza anayepeleka machungwa huko. Nimemwomba akupe na machungwa ya kutosha wewe na mwenzako wa chumbani. Hakutaka kusikia habari ya malipo, alisoma kwangu, na bado anachanganya wala na au. Mshukuru kwa adabu.

Mama yako, Ghadir, anakusalimu sana, na anasema chumba chako kipo ila amekijaza magunia, usikikimbilie. Hisham anakusalimu, anataka kujua kama Dodoma kuna kazi. Jirani zetu wa nyuma wanakuuliza kila Ijumaa. Bibi Shemsa anakusalimu kwa salamu ndefu ambayo nimesahau nusu yake. Nusu niliyoikumbuka ni hii: sura ikipita, uje umsomee mwenyewe pale barazani, asikie alisema nini, na ukifika kwenye jina lake usilipite haraka.

Mungu akupe afya, akufungulie kifua na akili, na amrehemu marehemu baba yako, aliyekuwa na mwandiko mbaya kuliko wako na akamaliza.

Na kama baada ya haya yote bado huwezi, niandikie. Lakini uniandikie neno zima, Siwezi, kwa s, na jina lako chini yake, ili na mimi nijue nani kasema.

Ni mimi ami yako, nikupendaye hata kalamu ikiwa nyekundu,

Mutasim