Kasuku Apewa Kiti

Nyumbani kwa Baba,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa Shangazi,

Hujambo? Goti linasemaje siku hizi, na baridi ya huko imepungua makali? Sisi huku wazima. Baba anakohoa kidogo, lakini nguvu za kugombana na fundi bomba anazo.

Sasa kaa chini kwanza. Dada yangu, Kasuku wetu, yule uliyemzoesha kusoma gazeti kwa sauti huku ukimsuka, ndiye Mkurugenzi Mkuu wa shirika la utangazaji la taifa! Alianza kwa kupanga kanda stoo, akawa mtangazaji, akapanda hadi kuongoza chumba cha habari. Mwaka huu walimpa ukaimu, akawa anasubiri bodi imthibitishe.

Nusura akikose kiti. Watu wa redio, Shangazi, huandaa tanzia za wakubwa mapema, wenyewe wakiwa hai. Basi tanzia ya golikipa wa zamani wa timu yetu ya taifa ikachanganyika na habari za mchana, ikasomwa hewani, naye golikipa yuko sebuleni kwake anakunywa chai. Mimi nilicheka, Baba akanikata jicho.

Bodi ikataka msomaji afukuzwe, yaishe. Kasuku akagoma, maana taarifa ile aliipitisha yeye, mbiombio, bila kuirudia. Jioni akaingia studio mwenyewe, akataja cheo chake, akaomba radhi: "Kosa ni langu. Msomaji alisoma nilichompa." Hapa nyumbani tukajua cheo ndiyo kimeota mbawa.

Golikipa naye akapiga simu: "Mimi mzima! Ila zile sifa msizifute."

Juzi bodi ilikaa. Wakavutana mchana kutwa, mwisho wakamthibitisha. Msomaji yuko kazini. Nimejisikia fahari mpaka nimelia kwenye foleni ya benki, watu wakidhani nimefiwa.

Unakumbuka mlivyonuniana na Baba Kasuku alipoacha ualimu aende redioni? Baba akisema anakwenda kulipwa kwa kupiga domo, wewe ukimtetea, hadi mkaacha kupigiana simu. Jioni ile ya kuomba radhi Baba alisikiliza amesimama, kofia mkononi. Tangu hapo ananisumbua nikuandikie.

Msalimie mumeo na mapacha, na yule jirani yako mcheshi. Mungu akutunze, akulainishie na hilo goti.

Ni mimi mtoto wako, nikupendaye daima,
Kitinda Mimba.

Baba ameing'ang'ania kalamu, namwachia mstari:

Dada, wewe ulimsikia kabla yangu. Nipigie simu.