Kipimo Nilichokiruka

Masanja, mdogo wangu,

Tangu tuanue matanga nimeshika kalamu mara tatu nikaiweka. Leo nimejikaza. Nina jambo linanitafuna, na nataka wewe ulisikie kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mwanao ameota meno mawili, na ukorofi ni wako mtupu. Wenzako wa duarani, kwenye mashimo ya dhahabu kule Geita, walileta buti zako, wamezifuta vumbi. Nililia hadi wao ndio wakaanza kunibembeleza. Na bado wakijikata wanafungua kidonge cha rangi mbili na kunyunyiza unga kidondani, kama ulivyofanya wewe jiwe lilipokuchana muundi. Wiki sita unanyunyiza! Nilikugombeza, ukasema, "Dada, kila mtu mgodini anafanya hivi." Wadudu wa kidonda wakaizoea dawa, wakaingia mfupani, na ulipoletwa hapa Shinyanga kila sindano ikagonga mwamba.

Unakumbuka nilipokueleza kuhusu virusi vinavyokula bakteria? Nilivitafuta mwenyewe kwenye maji ya mtaro nyuma ya machinjio, nikavikuza maabara kwetu. Ukanikodolea macho. "Kumbe miaka yote hiyo umesoma ili uje kuniosha kwa maji ya mtaro?" Tukacheka hadi nesi akaja kuchungulia. Madaktari wakaridhia tujaribu, maana dawa zilikuwa zimewaishia.

Wiki ya kwanza, jamani! Usaha ulikauka. Ulikula ugali ukaomba mwingine. Nikautangazia ukoo mzima kwamba umepona.

Siku ya kumi homa ikarudi. Nikaotesha wadudu wa kidonda chako upya kwenye sahani ya maabara na kuwawekea virusi vile vile. Mwanzo vilikuwa vinawaua na kuacha matundu sahani nzima, sasa hakukuwa na hata tundu moja. Virusi vile humshika mdudu kwenye pampu iliyo juu ya ngozi yake, ile anayotumia kuitema dawa nje. Wadudu wako walikuwa wamebadilika jeni moja tu, pampu ikafa, virusi vikakosa pa kushika. Nikahangaika siku mbili mtaroni kutafuta virusi vingine. Ulikata roho Ijumaa asubuhi, mimi nikiwa machinjioni na ndoo mkononi.

Sasa jambo lenyewe. Mwezi uliopita niliwatoa wadudu wako wa mwisho kwenye friza nikawapima upya kwa dawa zote. Masanja, walikufa. Ile sindano ya kawaida kabisa, iliyoshindwa siku uliyolazwa, iliwaua wote. Bila pampu hawakuweza tena kuitema. Sindano hiyo ilikuwa kwenye kabati la wodi, hatua chache kutoka kitandani kwako. Kipimo kinachukua siku moja. Nilikiruka, kwa sababu majibu ya zamani yalisema dawa hiyo haifai, nami nikayaamini. Siku mbili nzima nachota maji machafu, mdogo wangu, na dawa ipo. Nisamehe. Sijui nikuombeje. Nisamehe.

Siku hizi wadudu wa mgonjwa yeyote wakibadilika, nawapima upya kwa kila dawa, hata zilizokwisha kushindwa. Wenzangu maabara wananiita king'ang'anizi. Waniite.

Kinachonimaliza ni mama. Kila Jumapili ananipigia simu: "Wabeja, mwanangu. Asante. Ulimhangaikia mdogo wako mpaka mwisho." Nami naitikia, halafu nakata simu na kukaa sakafuni. Kila mtu msibani alinisifu, nikapokea. Wakati ule sikujua. Sasa najua, na bado napokea.

Kesho napanda basi la Masumbwe. Nitamwamkia mama, nitakaa naye mkekani, na nitamweleza yote, pamoja na ile siku moja ya kipimo. Huenda akalia, huenda akanifukuza. Nitakaa hapo hapo uani mpaka amalize.

Pumzika, Masanja. Nakupenda, na sikukwambia vya kutosha. Ninachoweza kukuahidi ni kimoja: kuanzia kesho mama hatanishukuru tena bila kujua.

Dada yako,
Kabula