Mguu wa Fuso

Jumatatu, 4 Agosti

Safari mbili za alizeti leo, Issuna hadi kiwandani mjini. Jioni nikashuka kwenye lori la fuso, nikanawa uso, nikaingia kwenye gari la mashindano. Barabara ya mashambani nyuma ya Ilongero, imenyooka, haina watu. Matokeo yale yale. Gia ya pili inavuta vizuri, turbo inapiga mluzi, mgongo unabanwa kwenye kiti. Naingiza ya tatu, kimya. Mshale wa presha unaanguka, gari linalegea, nangoja. Linaamka. Naingiza ya nne, kimya tena.

Sababu naijua. Turbo inazungushwa na moshi wa injini. Nikiinua mguu kwenye mafuta ili nibadilishe gia, moshi unapungua na turbo inalala. Tambarare haiumi sana. Mlimani ndiko ninakoliwa. Kwenye mbio za mwaka jana niliongoza tambarare yote, halafu kwenye mlima wa kuelekea Ulemo nikapitwa kama mtu aliyesimama kununua vitunguu. Bado inaniuma.

Jumatano, 6 Agosti

Kaka Athumani amesema. Gari ni lake, aliliendesha mwenyewe mpaka mgongo ulipomkatalia. Leo, mbele ya fundi Kitundu na mbele ya Pendo anayenisomea njia kwenye mbio, akasema mlima ukinishinda tena mwezi huu, basi. Kiti atapewa Ramadhani, binamu yetu wa Manyoni. Akaongeza kwamba mguu wangu ni mguu wa fuso.

Nimekasirika mpaka sikula. Nimekasirika zaidi kwa sababu ni kweli. Na aliyenifundisha fuso ni yeye. Inua mguu, klachi, toa gia, klachi tena, ingiza gia, ndipo ukanyage. Ukiwa na magunia mgongoni huwezi kuwa na haraka, utaacha giaboksi barabarani. Miaka yote nimesifiwa kwa mguu mpole. Leo mguu mpole umekuwa tusi.

Ramadhani hata tairi hajui kubadilisha.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimeamua. Mguu wa kulia hautainuka. Mafuta yabaki yamekanyagwa mpaka chini, klachi iguswe upesi, mkono na mguu wa kushoto viende pamoja. Moshi usipungue, turbo isilale.

Kitundu akashika kiuno. Akasema klachi ikikanyagwa injini inakosa mzigo, na mafuta yakiwa chini itapiga kelele mpaka ipasuke. Akafikiri, akanywa chai, akafikiri tena. Mwisho akafunga swichi ndogo chini ya pedeli ya klachi. Ikiguswa, inakata moto wa plagi kufumba na kufumbua, injini inatulia, turbo inaendelea kuzunguka. Muda wote ananitania kwa Kinyaturu kwamba nikivunja giaboksi atanifunga mimi mahali pake. Giaboksi tunayo hiyo hiyo moja. Ikienda, hakuna mbio.

Kaka hajaambiwa. Akijua atachukua funguo.

Jumanne, 12 Agosti

Aibu tupu. Swichi inafanya kazi, mguu haufanyi. Akili inasema baki chini. Mkono ukishika gia tu, mguu wa kulia unainuka wenyewe, kwa adabu zake zote. Pendo aliacha kutazama barabara, akawa anautazama mguu wangu na kucheka mpaka machozi. Nikamwambia ashuke atembee. Hakushuka.

Mara moja ulibaki chini. Mara hiyo hiyo klachi nikaikanyaga nusu, na giaboksi ikasaga. Mlio ule niliusikia kwenye meno. Kitundu akamwaga oili, akaipitisha kwenye vidole, akakuta chembe za chuma. Akasema si mbaya sana. Lakini hakunitazama.

Naogopa.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimeomba mpira wa kufungia mizigo kwa kijana wa bodaboda wa hapa kwetu. Nimelifunga paja la kulia kwenye kiti. Gari limezimwa, liko uani, haliendi popote. Klachi, gia. Klachi, gia. Mguu ukitaka kuinuka, mpira unaurudisha. Kuku wa Mama walikuwa wanakimbia, sasa wamezoea.

Mama akapita, akauliza kama nimeumia. Nikamwambia hapana, naufundisha mguu. Akasema ukishahitimu uje upepete mtama.

Jumapili, 17 Agosti

Umebaki chini.

Bila mpira. Barabara ile ile, jioni, upepo wa Agosti unapeperusha vumbi lote pembeni. Ya pili. Ya tatu. Ya nne. Mluzi haukukatika. Mshale wa presha ulitikisika kidogo ukarudi juu, na gari halikungoja kitu. Lilinisukuma kuanzia mwanzo wa shamba la kwanza mpaka kwenye mawe makubwa. Nikageuza nikarudia. Umebaki tena.

Pendo hakucheka leo. Alishika mlango kwa mikono miwili.

Nimepepeta mtama wote wa Mama nikiimba.

Alhamisi, 21 Agosti

Kaka amejua. Hakuna aliyemwambia. Alikuwa kwa jirani, akasikia gari linapita bila mluzi kukatika, na gari lile analijua kwa sauti. Akaja uani akitembea polepole, mkanda wa mgongo juu ya shati. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama. Nikajiandaa kutukanwa.

Hakutukana. Akamwagiza Kitundu amwage oili ya giaboksi, akachovya vidole, akavisugua kwenye mwanga. Akasema, "Ukilivunja, usinitafute." Akaondoka na kuziacha funguo kwenye boneti.

Sijui kama ni ruhusa au ni laana. Nimezichukua.

Jumamosi, 23 Agosti

Nitaandika yote, hata kama mkono umechoka.

Asubuhi kipande cha kwanza cha mbio, tambarare, nikaenda vizuri. Kipande cha Ilongero ndicho kilichonitia adabu. Mawe yalipiga tumbo la gari, na kabla ya kumaliza, nilipoingiza gia ya nne, injini ikalia vibaya. Nikawa nainua mguu kwenye kila gia mpaka mwisho wa kipande. Tuliposimama nikaingiza kichwa chini ya usukani. Waya wa swichi ya Kitundu umekatika, nusu yake imebaki huko porini. Kitundu yuko mjini, na sheria hairuhusu fundi kabla ya kipande cha mwisho. Kilichobaki ni mlima.

Mbele yetu alikuwa mmoja tu, kijana wa Arusha, kwa sekunde chache. Pendo akasema tuinue mguu, nafasi ya pili si haba. Alisema kwa upole na nilimchukia kwa dakika nzima. Nikiinua, nimeshindwa na kiti kimekwenda Manyoni. Nisipoinua, injini inapasuka mlimani na kiti kimekwenda vile vile.

Nikashuka. Nikatembea kulizunguka gari. Kazi ya swichi ni moja, kuizuia injini isipige kelele kupita kiasi. Inapita kiasi kwa sababu nabadilisha gia ikiwa imefika juu kabisa. Je, nikibadilisha mapema, ikiwa bado ina pa kupanda? Mguu ubaki chini, klachi iwe ya kugusa tu. Ila lazima niujue wakati wenyewe, na mshale wa mizunguko ya injini siwezi kuutazama kwenye kona. Itabidi nisikilize. Na kuisikiliza injini mlimani ndiyo kazi inayonilisha kila siku.

Nikamwambia Pendo asome njia kwa sauti ndogo. Akaniona nimechanganyikiwa. Akasoma kwa sauti ndogo.

Kona ya kwanza, gia ya pili, injini ikaanza kuimba, nikabadilisha kabla haijapaza. Ya tatu. Ikaruka kidogo, ikashika. Mluzi ulikuwepo. Kona ya kushoto, breki, ya pili tena, mafuta, sikiliza, sasa. Mguu haukuinuka. Sikukumbuka hata kuukumbusha. Changarawe zinaruka, Pendo ananong'ona kama anayesali, na gari linapanda mlima ule kana kwamba limeitwa nyumbani. Kwenye kona ya mwisho nilimwona Kaka kwenye watu, anajishikilia kwenye gogo. Sikumpungia. Mikono ilikuwa na kazi.

Wa kwanza. Naandika tena nione inavyokaa. Mimi Mariamu, dereva wa fuso la alizeti, wa kwanza.

Pendo alishuka akatapika kando ya barabara, kisha akanikumbatia hivyo hivyo. Kitundu alipofika alilala chini ya gari kabla ya kunipa mkono, akatoka na vidole vyake vya oili. Safi, hakuna chembe. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Kaka hakuja kwenye kombe. Walisema ameshapanda gari la watu kurudi nyumbani.

Hilo liliniuma kidogo. Kidogo tu. Nimefurahi mno.

Jumapili, 24 Agosti

Mwili wote unauma. Naosha gari tangu asubuhi, vumbi jekundu halimaliziki.

Kaka akaja. Akaufungua mlango wa kushoto, akajishusha kidogo kidogo mpaka akakaa. Kiti hicho hajawahi kukikalia. Akafunga mkanda, akasema, "Haya. Nionyeshe."

Nikaenda barabara ya mashambani. Nilianza pole kwa ajili ya mgongo wake, akasema nisimdanganye. Basi nikakanyaga. Ya pili. Ya tatu. Alikuwa anatazama mbele. Nikatupa jicho chini. Mguu wake wa kulia ulikuwa umekandamiza kapeti, pale ambapo hakuna pedeli.

Nikaingiza ya nne. Mguu wake haukuinuka.