Sura Ambayo Chebet Alitaka Kuiruka

Mama,

Baada ya kukuzika, chai yako hapa Roret ilipanda hadi kifuani kabla hatujapata nguvu ya kuishika. Sasa binti yako Chebet ndiye anayechuna. Bado hana leseni ya udaktari, na bila hiyo, digrii aliyoisomea ng'ambo haimruhusu kumwandikia mgonjwa hata dawa ya kichwa. Atarudia mtihani wa bodi. Akianguka tena, anasema ataachana na udaktari kabisa.

Mara ya kwanza alisoma vitabu mwanzo hadi mwisho, wewe ukimpelekea chai na kumwambia, "Soma yote, usibague." Siku ya mtihani alikuwa amesahau nusu. Sasa amebadilisha njia. Anajibu maswali ya mazoezi kwanza, kisha anarudi kitabuni kwa yale aliyokosa. Nilikubaliana naye. Ila aliamua kuruka sura nzima ya ugonjwa wa sukari. "Alama hizo nitazifidia kwa magonjwa ya watoto na upasuaji," alisema. Hakukutaja. Mimi pia sikukutaja.

Unanijua, kazi ya redio imenizoesha kuuliza. Nikamwuliza, "Mgonjwa wa sukari akiletwa kwa zamu yako, utamwambia arudi na ugonjwa mwingine?"

"Wewe huna huruma hata kidogo," akasema.

Akachuna mstari mzima bila kuniangalia. Kisha akasema, "Chukua simu, unisomee maswali ya sura hiyo. Mimi siwezi kuyaangalia. Na usisome kama unatangaza matokeo ya kura."

Nikamfuata kati ya michai, nikisoma. Mama mkulima, umri umesonga. Ametapika tangu jana. Anapumua kwa kasi, pumzi yake inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Nimesoma habari za ajali kwa miaka mingi bila kukwama. Hapo nilikwama. Nikaanza upya.

Mikono ya Chebet haikuacha kuchuna. "Maji ya mshipa kwanza. Upime potasiamu. Halafu insulini."

Jibu ni sahihi. Maji ulipewa kwenye kituo cha afya. Insulini ilikuwa imeisha, na ulikata roho tukiifuata hospitali kubwa, gari halijafika lami, kichwa chako kikiwa mapajani mwake. Chebet alilijua jibu hata siku ile. Sitakudanganya kwamba kulijua kulisaidia.

Akajifuta uso kwa kiwiko, maana viganja vilikuwa vyeusi kwa utomvu. "Lingine," akasema.

Tangu hapo tunaipitia sura hiyo kila asubuhi, kabla ya kupeleka majani kupimwa. Mengine anakosa, na siku nyingine ananifukuza shambani. Siwezi kukuahidi kwamba atapita. Sitangazi matokeo ambayo hayajatoka. Ninachoahidi ni hiki: kila mgonjwa anayefanana nawe nitamsomea Chebet hadi nukta ya mwisho, hata sauti ikigoma.

Pumzika, Mama. Sisi bado tuko kwenye chai.

Mwanao,
Kiprono