Vita Kwenye Simu Buchani

Mjini Maua, Jumanne

Mimi ni mchinjaji, damu nimeizoea, lakini ya leo yamenishinda. Leo wateja wawili walikuwa wakitazama vita kwenye simu hapa buchani. Droni ilimfukuza askari shambani, naye akainua mikono kuomba asiuawe. Wakacheka kama wanatazama mpira.

"Zimeni hiyo kitu," nikawaambia. "Huyo ni mtu."

"Hiyo ni vita ya wazungu, Hassan."

Mama Kinya alikuwa nyuma yao akingojea nyama. Mwanawe alienda ng'ambo kuendesha lori, huko akavalishwa sare ya jeshi na kupelekwa kwenye vita hivyo hivyo. Hajapiga simu tangu Ramadhani.

"Rudisha nyuma," akamwambia mwenye simu. "Nataka kuona uso."

Hakuwa mwanawe. Akasema, "Asante Mungu," halafu akaona haya kwa kusema hivyo.